Namba Yetu Sote

Ndugu mwanakisomo, tazama namba hii:

61,741,120

Usiikimbie. Ina tarakimu nane tu, na kila tarakimu umekwisha kuijua tangu siku zako za kwanza darasani. Nilipoiandika ubaoni mara ya kwanza huko Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, wanakisomo walicheka. Mzee mmoja, mchimbaji wa siku nyingi, akasema, "Mwalimu, hiyo si namba, hiyo ni gari-moshi." Nikamwomba ahesabu mabehewa. Akahesabu nane. Basi somo likawa limekwisha kuanza.

Namba hii ni ya watu. Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022, ulikuwa usiku wa Sensa ya Watu na Makazi. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza: Nani walilala hapa usiku ule? Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala. Aliyelala kwake alihesabiwa kwake. Aliyelala kwenye kambi ya machimbo alihesabiwa huko huko kambini. Tarehe 31 Oktoba 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza jumla ya watu wote wa Tanzania, Bara na Zanzibar. Jumla ndiyo hiyo uliyoiona hapo juu. Kama ulihesabiwa, wewe ni mmoja ndani yake.

Katika somo hili tutaichunguza namba hii kama mchimbaji anavyolichunguza jiwe. Kwanza hulitazama kwa nje. Kisha hulipasua.

Kuisoma

Namba ndefu husomwa kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu. Anza kuhesabu kutoka kulia. Kila baada ya tarakimu tatu, weka mkato. Mkato wa kwanza kutoka kulia husema "elfu". Mkato wa pili husema "milioni". Sasa rudi kushoto uanze kusoma: milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini.

Isome tena kwa sauti, polepole.

Maneno yenyewe yametoka mbali. "Moja" na "kumi" ni maneno yetu ya Kibantu. Hata Kisukuma husema "ikumi". "Sitini", "arobaini", "mia" na "elfu" tuliyapata kwa Waarabu. "Laki" ilitoka Bara Hindi pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. "Milioni" ilikuja na Wazungu. Zamani wazee wa pwani walikuwa na neno lao la elfu. Walisema "kikwi". Kwa hiyo mtu akiisoma namba hii mpaka mwisho, amepita nchi nyingi kwa pumzi moja.

Sasa tazama tarakimu 1. Imo mara tatu. Je, zote tatu zina thamani moja? Hapana. Ya kwanza kutoka kushoto ni milioni moja. Ya pili ni elfu moja. Ya tatu ni mia moja. Zinafanana sura kabisa, lakini hazifanani uwezo, kwa sababu kila moja imekaa nafasi yake. Ni kama watu watatu wenye jina moja: mmoja ana leseni ya machimbo, mmoja ana duara, na mmoja anabeba viroba.

Na ile sifuri ya mwisho? Mwanakisomo mmoja aliniuliza, "Kama sifuri si kitu, kwa nini tusiifute?" Swali zuri. Neno "sifuri" lilitoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kitupu. Lakini sifuri inalinda nafasi. Ukiifuta, namba inakuwa 6,174,112. Tarakimu zote zimesogea hatua moja kwenda kulia, na kila moja imepungukiwa. Umeondoa watu tisa katika kila kumi! Ndiyo sababu mtu anayeandika fedha kwenye hati huandika pia kwa maneno. Sifuri ni rahisi kuongezwa na ni rahisi kufutwa. Maneno ni magumu kuyachezea.

Ukubwa wake

Tuseme unataka kuwahesabu watu hawa mmoja mmoja, kila sekunde mtu mmoja, bila kula wala kulala. Siku moja ina sekunde 86,400. Utahesabu siku 714, na zaidi ya nusu ya siku inayofuata. Hiyo ni karibu miaka miwili. Tena nimekuonea huruma, maana nani anaweza kutamka "milioni hamsini na tisa, laki nane, elfu hamsini na moja" kwa sekunde moja?

Au wapange mstari, kila mtu akichukua nusu mita. Mstari utafika kilomita 30,870. Njia ya kuizunguka dunia yote kwenye Ikweta ni kama kilomita 40,075. Basi mstari wetu unazunguka robo tatu ya dunia, na ziada kidogo.

Kuitazama kwa nje

Mambo mengi ya namba huonekana mwishoni mwake, bila kugawa chochote. Namba hii inaishia kwa 0. Kwa hiyo ni namba shufwa, yaani inagawanyika kwa 2 bila kubakiza. Namba zinazoishia kwa 0, 2, 4, 6 au 8 zote ni shufwa. Nyingine ni witiri. Kwa kuwa inaishia kwa 0, inagawanyika pia kwa 5 na kwa 10.

Kwa 4, tazama tarakimu mbili za mwisho tu: 20. Ishirini hugawanyika kwa 4. Basi namba nzima inagawanyika. Kwa nini mbili tu zinatosha? Kwa sababu kila mia moja hugawanyika kwa 4 yenyewe, mafungu 25 kamili. Mamia yote hayana shida, tunaangalia kilichobaki baada ya mamia. Kwa 8, tazama tarakimu tatu za mwisho: 120. Hiyo ni 8 mara 15. Namba nzima inagawanyika.

Hapa nitoe onyo moja. Namba kuwa shufwa haina maana kwamba wanaume na wanawake walikuwa sawasawa. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Wanawake walizidi kwa 1,634,860. Namba inaweza kugawanyika vizuri, na watu wenyewe wasigawanyike hivyo.

Siri ya tisa

Sasa tunafika mahali ninapopapenda kuliko pengine pote. Jumlisha tarakimu zote za namba yetu:

6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22

Gawa 22 kwa 9. Inakwenda mara mbili, inabaki 4. Basi ukiigawa namba nzima ya 61,741,120 kwa 9, nayo itabakiza 4. Usiniamini bure. Gawa mwenyewe, au tumia simu: 9 mara 6,860,124 ni 61,741,116. Inabaki 4.

Mimi nilipofundishwa jambo hili niliambiwa nilikariri tu. Sababu sikupewa, na kwa miaka mingi niliona ni uchawi. Si uchawi. Chukua viroba kumi vya mawe. Ondoa tisa, kinabaki kimoja. Chukua viroba mia. Ondoa 99, ambavyo ni mafungu 11 ya tisa tisa. Kinabaki kimoja. Chukua elfu, uondoe 999, kinabaki kimoja. Iwe kumi, mia, elfu au milioni, ukiondoa tisa tisa zote, kinabaki kimoja tu. Kwa hiyo laki saba huacha 7. Elfu arobaini huacha 4. Ishirini huacha 2. Kila tarakimu inajiacha yenyewe. Ukijumlisha tarakimu, umejumlisha mabaki. Basi.

Kwa 3 ni hivyo hivyo, kwa sababu kila tisa ni tatu tatu. Gawa 22 kwa 3, inabaki 1. Watu wetu hawapangiki watatu watatu bila mmoja kubaki nje.

Jambo hili lina faida gani? Lina faida ya kukagua hesabu. Tuwachukue wanaume na wanawake tena.

Wanaume 30,053,130. Jumla ya tarakimu ni 15. Toa 9, inabaki 6.
Wanawake 31,687,990. Jumla ya tarakimu ni 43. Toa tisa tisa, inabaki 7.
Sita na saba ni 13. Toa 9, inabaki 4.

Na jumla kuu ilibakiza ngapi? Nne! Hesabu zimekubaliana.

Jaribu na Bara na Zanzibar. Bara walikuwa 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Utaona Bara inabakiza 6 na Zanzibar 7, na zikikutana zinatoa 4 tena. Kwamba ni sita na saba mara zote mbili ni bahati tu, lakini darasa langu lilipiga makofi.

Sikiliza lakini, njia hii ina kasoro. Mabaki yakikataana, hesabu hakika ina kosa. Mabaki yakikubaliana, bado kosa linaweza kuwamo. Kwa mfano, mtu akiandika 61,471,120 badala ya 61,741,120, amegeuza 7 na 4. Jumla ya tarakimu bado ni 22. Tisa haitamwona. Hata hivyo kosa la namna hiyo lina alama yake nyingine, na alama hiyo iliwahi kumwokoa mtu. Nitaeleza.

Shilingi 36,000

Kikundi kimoja cha akina mama wanaoponda mawe machimboni walikuwa wakiweka akiba mwaka mzima. Wanachama walikuwa 25. Siku ya mgao nilialikwa kama mgeni, kwa sababu watano wao walikuwa wanakisomo wangu. Daftari la katibu lilionyesha shilingi 8,473,500. Kila mwanachama alikuwa anangoja shilingi 338,940. Fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa benki. Zikahesabiwa mezani mbele ya wote, mara ya kwanza na mara ya pili. Zikawa 8,437,500.

Zimepungua shilingi 36,000.

Kimya. Kisha macho yote yakamgeukia mhazini, maana ndiye aliyebeba mkoba. Huyu mama alikuwa hajui kusoma vizuri, na kujitetea hakuweza. Alisema tu, "Mimi sijala." Mmoja akasema aapishwe. Mwingine akasema watoto wake walionekana na viatu vipya. Unajua maneno ya namna hiyo yanavyokwenda, ndugu msomaji. Mtu hutoka mkutanoni na jina jingine, na jina hilo hufuata hata wajukuu.

Ndipo mwanakisomo wangu mmoja, mama wa makamo anayeuza maji, akasimama. "Jamani, kabla ya kiapo nipeni kalamu." Akaandika 36,000. Akajumlisha tarakimu: 3 na 6 ni 9. Akasema, "Pengo hili ni la tisa. Mwalimu alitufundisha, pengo la tisa mara nyingi ni tarakimu mbili zilizopeana nafasi. Tutazame maandishi kwanza."

Kwa nini tisa? Chukua 37 na 73. Tofauti yao ni 36, yaani tisa mara nne. Kutoka 37 kwenda 73, makumi yameongezeka kwa manne na mamoja yamepungua kwa manne. Kila moja linalohama kutoka mamoja kwenda makumi huingia kama kumi, nalo limeacha moja. Faida ni tisa. Manne yamehama, faida ni tisa mara nne. Ni vivyo hivyo kwenye maelfu: pengo huwa tisa elfu mara nne, yaani 36,000.

Kwa hiyo pengo lenyewe lilituonyesha pa kutafuta. Lilituambia: nenda kwenye nafasi za maelfu, tafuta tarakimu mbili zilizokaa jirani, zenye tofauti ya nne. Daftari lilisema 8,473,500. Hapo zilipokuwa 7 na 3, saba toa tatu, nne!

Nisikupotoshe. Hiyo haikuwa ushahidi kamili. Mwizi naye anaweza kuchukua shilingi 36,000, wala hakuna sheria inayomzuia kuiba kwa tisa tisa. Iliyomaliza maneno ni stakabadhi ya benki. Mwenyekiti alikuwa nayo, imekunjwa kwenye pindo la khanga, na katika zogo lile hakuna aliyeikumbuka. Ikafunguliwa. Ilisomeka 8,437,500. Fedha hazikupungua hata senti. Katibu alipokuwa akinakili kwenye daftari, alitanguliza saba mbele ya tatu.

Wakagawana 337,500 kila mtu, kwa kuwa 8,437,500 inaishia kwa sifuri mbili na hivyo hugawanyika kwa 25 bila kubakiza. Katibu aliomba radhi. Mhazini alikataa kuushika tena ule mkoba, na mimi simlaumu.

Kuipasua

Turudi kwenye namba yetu ya sensa. Sasa tulipasue jiwe.

Tunataka kujua namba hii imejengwa kwa namba gani ndogo ndogo zikizidishana. Anza na 2, maana ni shufwa. Nusu yake ni 30,870,560. Nusu tena, 15,435,280. Nusu tena, 7,717,640. Tena, 3,858,820. Tena, 1,929,410. Tena, 964,705. Hapa tumefika kwenye witiri, hakuna nusu nyingine nzima. Tumekata mara sita.

964,705 inaishia kwa 5. Gawa kwa 5, unapata 192,941.

Tatu haimo, tumekwisha kuona. Jaribu 7. Kwa saba sina njia ya mkato ninayoipenda, gawa tu kama ulivyozoea. Unapata 27,563, na hakuna baki. Kwa hiyo watu wote wa sensa ile wangeweza kupangwa katika siku saba za juma, kila siku watu 8,820,160, asibaki hata mmoja.

Baada ya hapo mawe yakawa magumu. Nilikaa na karatasi jioni nzima. Nilijaribu 7 tena, haikuingia. Nikajaribu 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37 na 41. Zote zilibakiza. Nilipofika 43, mlango ukafunguka: 43 mara 641 ni 27,563.

Na 641 je? Hiyo ni namba tasa. Tunaiita tasa namba ambayo haigawanyiki kwa namba yoyote, ila kwa 1 na kwa yenyewe. 2, 3, 5, 7, 11 na 43 ni tasa pia. Utajuaje kwamba 641 ni tasa bila kujaribu namba zote mia sita? Fikiri hivi. Kama ingekuwa zao la namba mbili, moja ya hizo mbili lazima iwe ndogo kuliko 26, kwa sababu 26 mara 26 ni 676, na hiyo tayari imezidi. Basi jaribu namba tasa zilizo chini ya 26 tu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Ni majaribio tisa. Zote zinabakiza. Imekwisha.

Kwa hiyo namba yetu imejengwa hivi:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Hakuna njia nyingine ya kuijenga kwa namba tasa. Mtu wa Bukoba akiipasua, na mtu wa China akiipasua, watapata vipande hivi hivi, hata kama mmoja alianza na 43 na mwingine na 5. Ukivichanganya vipande hivi kwa kila namna, unapata namba 112 zinazoweza kuigawa namba yetu bila kubakiza, ukihesabu na 1 na yenyewe.

Niliipoiona 641 nilishtuka kidogo, maana ni namba yenye sifa kwa watu wa hesabu. Palikuwa na Mfaransa mmoja, mwanasheria wa karne ya 17, jina lake Pierre de Fermat. Hesabu aliifanya kwa mapenzi tu, lakini alikuwa bingwa. Anza na 1, alisema, uizidishe kwa 2 mara thelathini na mbili. Utapata 4,294,967,296. Ongeza moja. Fermat aliamini kwamba hiyo 4,294,967,297 ni namba tasa. Watu walimheshimu, na kwa miaka mingi hakuna aliyeonyesha kosa. Mwaka 1732, Leonhard Euler, kijana mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Urusi, akaonyesha kwamba namba ile inagawanyika kwa 641. Jibu lake ni 6,700,417. Bingwa alikuwa amekosea, na aliyemsahihisha alitumia kugawa, hesabu hii hii unayojifunza wewe. Kweli Euler alikuwa na akili ya kuchagua namba za kujaribu. Lakini kugawa ni kugawa.

Ndiyo hiyo 641 iliyojificha ndani ya hesabu ya watu wetu.

Isiwe sababu ya kutafuta ramli. Machimboni wapo wanaonunua namba za bahati, na mtu anaweza kukuambia kwamba nchi ina baraka kwa sababu watu wake wanagawanyika kwa saba. Siyo. Asubuhi ya tarehe 24 Agosti walikuwa wamekwisha kuzaliwa watoto wengine na wazee wengine wamefariki, na hesabu ya watu haikuwa tena ile. Watu hubadilika kila saa. Namba 61,741,120 haibadiliki. Itagawanyika kwa 7 siku zote, hata wakati hakuna atakayekumbuka ilikuwa ya nini.

Tazama pia ya sensa iliyotangulia, ya tarehe 26 Agosti 2012: 44,928,923. Hii ni kaidi. Ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 41, kwa hiyo 3 na 9 hazimo. Haiishii kwa 0 wala 5. Jaribu 7, inabakiza 4. Jaribu 11, inabakiza 6. Ukiwa na vikundi vya watu wawili, au watatu, hadi kumi na wawili, daima kuna watakaobaki nje. Inakubali kwanza kwa 13, na kila fungu linakuwa la watu 3,456,071. Ukitoa namba hii ya 2012 katika ile ya 2022 unapata 16,812,197. Hiyo ndiyo nyongeza ya watu katika miaka kumi.

Zoezi

Sensa ya kwanza baada ya Muungano ilifanyika mwaka 1967. Watu walikuwa 12,313,469. Tanganyika walikuwa 11,958,654 na Zanzibar 354,815.

Zisome namba zote tatu kwa sauti, mwenzako akikusikiliza. Kisha kagua kwa njia ya tisa kama Tanganyika na Zanzibar zikijumlishwa zinakubaliana na jumla kuu. Halafu fanya jumla yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, ili usiitegemee tisa peke yake.

Sasa zidisha 12,313,469 kwa 5. Weka jibu lako chini ya 61,741,120, mkato chini ya mkato, utoe. Ukipata 173,775 umefanya vizuri. Ukipata namba nyingine, tafuta tofauti kati yake na 173,775, kisha jumlisha tarakimu za tofauti hiyo. Ikiwa inagawanyika kwa 9, unajua pa kuanzia kutafuta.